Moto wa Mafuta Yaliyokwisha Kazi

Katika nchi ya Makueni, karibu na mji mdogo wa Matiliku, umesimama mlima wa Nzaui, ambao wazee wa Kikamba husimulia kwamba ndipo Mulungu alipowateremsha watu wa kwanza, na nyayo zao, kwa kauli ya wazee hao, zingali zaonekana jabalini. Katika nchi yenye simulizi ya namna hii kazi ya ufinyanzi nayo ina heshima yake: ni kazi ya wanawake, mama humrithisha bintiye, na kila mfinyanzi hukitia chungu chake alama yake mwenyewe kingali kibichi, hata anayekitazama sokoni hujua kimetoka mkononi mwa nani. Vyungu vikisha kukauka hupangwa uwanjani, wala si ndani ya joko, vikafunikwa kuni na majani makavu, kisha vikatiwa moto. Na kuni hizo hukatwa katika nchi ya mvua haba, ambako mgunga ukianguka leo, mtoto aliyezaliwa leo huenda akawa mtu mzima kabla mwingine haujafikia kimo chake.

Ilhali katika soko hilo hilo wapo wakaanga maandazi na viazi, na mafuta yao yakisha kuwa meusi na kutoa harufu nzito, humwagwa mtaroni. Mafundi wa nchi mbalimbali wamekwisha kuchoma vyombo vya udongo, ndani ya joko, kwa mafuta ya aina hiyo. Basi mtu mwenye dini ana haki ya kuuliza: chombo cha maji ya kunywa, au cha kutilia udhu, au kitakachowekwa madhabahuni, je, hadhi yake haipungui kikiivishwa kwa kitu ambacho watu wamekwisha kukitupa?

Kwanza na tuufahamu moto wenyewe. Mafuta haya hayashiki moto upesi kama mafuta ya taa. Huhitaji joto la nyuzi 300 au zaidi ndipo yawake kwa urahisi, na kwa hiyo fundi huanza na kuni chache, akaliacha joko lipate moto polepole, huku unyevu ukitoka katika udongo, maana chungu kikiharakishwa hupasuka kwa mvuke. Kisha huyadondosha mafuta, yaliyochujwa makombo na kutengwa na maji, juu ya bamba la chuma lililoiva, na hewa ikapulizwa kwa wingi. Hewa ikipungua, moshi mweusi hutanda na majirani wakalalamika kwa haki. Kilo 1 ya mafuta hutoa joto zaidi ya mara 2 ya kilo 1 ya kuni kavu. Baina ya nyuzi 450 na 600 maji yaliyofungamana na asili ya udongo huutoka, na tangu hapo chungu hata kikizamishwa kisimani mwaka mzima hakirudi kuwa tope.

Jambo hili la mwisho limenishughulisha sana. Nabii Yeremia, alipopelekwa nyumbani kwa mfinyanzi, aliona chombo kilichoharibika kikifinyangwa upya. Lakini rehema hiyo ni ya udongo mbichi, na baada ya moto haipatikani tena. Sura ya Ar-Rahman nayo, inapotaja umbo la mwanadamu, hutaja chombo cha mfinyanzi. Moto, basi, ndio saa ya kukata hukumu, wala sioni dalili popote kwamba hukumu hiyo hutegemea utukufu wa kuni: hutegemea udongo, mkono, na kiasi cha joto.

Mafakihi walikwisha kulikaribia suala hili zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake cha Minhaj ni miongoni mwa nguzo za madhehebu ya Shafii yanayofuatwa katika pwani yetu, alihalalisha kuwasha taa kwa mafuta yaliyoingiwa na najisi, ingawa wanavyuoni waliutoa msikiti katika ruhusa hiyo. Mafuta ya kukaangia maandazi hayana hata najisi hiyo, yamechakaa tu. Ikiwa lile lililo najisi liliruhusiwa kumwangazia msomaji usiku, lililochakaa litakatazwa kwa hoja gani kukiivisha chungu?

Hata hivyo sikubali kwamba kila aokoaye kitu amefanya ibada. Mwenye kukaanga bila kiasi ili apate mabaki mengi ya kuchomea ameirudia israfu kwa mlango wa nyuma, na anayewafukiza jirani zake moshi kwa jina la kuhifadhi misitu amewadhulumu. Nia peke yake haitoshi. Lazima kazi yenyewe iwe safi, mafuta yachujwe, hewa itoshe, moto utazamwe. Lakini masharti hayo yakitimia, mimi nitakunywa maji ya chungu hicho na kutawadha kwayo bila wasiwasi, na mwenye kuona haya kukitumia ningemwomba anieleze, kwa dini yake, kwa nini haoni haya kuukata mgunga ulio hai ilhali mafuta yanatiririka mtaroni mbele ya macho yake.