Nani Amekataa Dawa?

Wodini kuna neno ambalo mwanafunzi wa unesi hulishika haraka kuliko majina ya dawa: difolta. Ndilo jina la mgonjwa wa TB aliyeacha matibabu kabla hayajakwisha. Neno lenyewe ni la watu wa mikopo, na naona halijasahau kwao. Ukiitwa difolta ni kama una deni na umetoroka. Shirika la Afya Duniani liliachana nalo mwaka wa 2013, likaanza kusema mgonjwa "amepotea kwenye ufuatiliaji". Fomu zikabadilika. Midomo yetu, wapi!

Swali langu ni hili: mtu akiacha dawa inayomponya, na pumzi yake inaweza kumwambukiza jirani, ana hatia?

Ukiwa wodini ni rahisi kujibu ndiyo. Dawa za TB ni za bure katika hospitali za umma. Kwa kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Sasa shida iko wapi?

Mafunzo ya afya ya jamii yalitutoa huko, yakatupeleka Mukuru, hapa Nairobi, tukimfuata mama mmoja mhamasishaji wa afya. Nyumba karibu mia ziko chini yake na anazijua mlango kwa mlango. Huyo mama haulizi mtu, "Mbona umeacha dawa?" Swali lake la kwanza ni, "Leo mmekula nini?" Si salamu. Ndio uchunguzi wenyewe.

Kijana mmoja wa mjengo, aliyekuwa amemeza dawa kwa mwezi mmoja na nusu, alitupigia hesabu yake. "Daktari," aliniita (mtaani kila koti jeupe ni daktari), "nikipanga laini kliniki, huku mjengo washachukua watu. Na hizo dawa zinaleta njaa mbaya. Nimeze halafu nikule nini?" Kikohozi kilikuwa kimeisha. Kodi ilikuwa inadaiwa.

Lakini nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mchanga, na kati yao ni ukuta wa mabati. TB iliyoachwa nusu inaweza kurudi ikiwa sugu. Mtoto huyo hakuulizwa kama yuko tayari kuivuta. Kwa hivyo siwezi kusema, "Ni maisha yake, aachwe."

Serikali iliwahi kujaribu njia ya mkato. Mwaka wa 2010, huko Kapsabet, wagonjwa walitupwa jela kwa amri ya mahakama kwa kutomeza dawa za TB. Jela, mahali ambapo watu wanalala wamebanana na hewa ni haba! Mwaka wa 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani eti ndiyo matibabu ni kuvunja Katiba. Sawa. Tukajua lisilofaa kufanywa.

Mama yule alifanya nini? Aliongea na nesi wa zamu, kijana akawa anachukua dawa kabla foleni haijaanza. Kisha akamuuliza kama yuko tayari kumwambia jirani mwenyewe. Alisita siku mbili, akamwambia. Tangu hapo mama wa yule mtoto ndiye alikuwa akimshuhudia akimeza kila asubuhi, na mara nyingi kulikuwa na uji. Naona hapo tu ndipo unapata haki ya kumdai mtu ameze: ukishabeba sehemu ya gharama ya kumeza.

Ila kuna mzee mmoja ploti ya juu aliyepata yote hayo, dawa mapema, chakula, mtu wa kumshika mkono, na bado hakumeza. Hakutupa sababu. Huyo simwelewi, na ile huruma yangu ya mtaani haikunisaidia kwake. Wenzangu walitaka tumwandike amekataa, tusonge. Mama alifunga daftari lake, akasema tutapita tena Jumatatu.