Kujiongeza si Kuwahi

Wajukuu zangu, sogeeni. Haya nimeshayasema mpaka koo limekauka, lakini nikinyamaza nitakuwa nimewatupa.

Siku hizi mtu akikosa hela anaambiwa, "Jiongeze." Akichelewa kuelewa, "Jiongeze." Neno zuri, na mimi nalipenda. Ila ninyi mmeligeuza likawa kuwahi tu: wa kwanza kufika ndiye mjanja, anayeuliza ni mshamba. Hapo ndipo ninapowakatalia.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, hapa hapa mjini kwetu Morogoro. Watu wakalikimbilia na madumu, waendesha bodaboda wakiwemo. Kila aliyeinama kuchota aliona amechangamkia fursa. Lakini petroli haingoji kiberiti kiifuate. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini chini, na cheche ya mbali huweza kuurudisha moto mpaka pale mafuta yalipomwagika. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Siwalaumu marehemu, Mungu awarehemu. Shida humsukuma mtu. Nawasema ninyi mlio hai, maana lori jingine likianguka kesho, bado nawaona mkitafuta madumu.

Wala msidhani kukurupuka bila kuuliza ni kosa la wasiosoma. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Waliopanga walikuwa wasomi. Lakini kwenye miteremko mingi ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi unaufukia, unapandisha juu udongo usio na nguvu. Mkulima aliyajua hayo kwa jembe lake, naye hakusikilizwa. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, mtu akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukafa.

Sasa tazameni pale chuo cha SUA. Panya buku sisi tulimjua kama mwizi wa mahindi, tukamtegea mitego. Mbelgiji Bart Weetjens na wenzake wa shirika la APOPO, wakishirikiana na chuo chetu, wakaitazama pua yake, wakautazama na uzito wake: kilo moja na ushee, haitoshi kulipua bomu lililotegwa ardhini. Mkufunzi humzoesha kwa miezi kadhaa. Panya akinusa harufu ya kilipuzi, kidude mkononi mwa mkufunzi kinalia "tik", naye anapewa kipande cha ndizi. Anarudia, na anarudia tena. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Morogoro, alibaini mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza.

Huko ndiko kujiongeza, wanangu: kukijua kwanza unachokishika, kisha ukaona wenzako wasichokiona. Wepesi bila kujua ni kukimbilia hasara, na wahenga walishasema akili nyingi huondoa maarifa.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Kijana mwenzenu akisimama katikati ya purukushani akauliza, "Hiki ni nini, na kitatufanya nini?", msimcheke, wala msimwite mwoga. Msubirini ajibiwe. Na pasipokuwa na wa kumjibu, wekeni madumu chini mwondoke.