Je, Masurufu ya Kila Mwezi Yatosha?

Ndugu Waislamu, katika darasa letu la baina ya magharibi na isha lilizuka swali ambalo hatukulimaliza usiku ule. Mtu humpelekea mamake fedha kila mwezi bila ya kukosa, hulipa kodi ya nyumba na mshahara wa mtumishi, lakini hamwendei ila siku ya Idi. Je, huyo ametimiza haki ya mzazi wake?

Mmoja wetu alisema ametimiza, wala hoja yake haikuwa dhaifu. Mzee, alisema, hashibi kwa salamu. Ahitaji chakula, dawa na paa lisilovuja, na wangapi hawatoi hata senti? Ni kweli. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kupeleka masurufu kumekuwa jambo jepesi mno. Lakini wepesi huo ndio uliotudanganya. Zamani aliyeleta fedha alizileta kwa mkono wake, ikambidi aketi, anywe kahawa, na aone kwamba jicho la babake limeingia mtoto na dawa ya sukari imekwisha. Sasa fedha hufika zenyewe, na wa kuyaona hayo hayupo.

Tutazame Sura ya Bani Israil, aya ya 23. Wengi wajua kwamba imekataza hata kuwaambia wazazi "uf". Wachache husimama katika neno dogo lililotangulia, 'indaka, yaani "kwako". Uzee uliotajwa pale ni uzee unaowafika wakiwa kwako, katika ulinzi wako. Na katazo lenyewe laonyesha hivyo, kwani mtu hamgunii mzee aliye mbali naye. Hugunwa yule aulizaye swali moja mara tano, akohoaye usiku kucha, asiyeweza kujizuia kitandani. Basi asemaye, "Mimi sijapata kumwambia mamangu uf," ilhali hakai naye hata saa moja, asijisifu kwa subira. Mtihani bado haujamfika.

Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika ibara ya 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Jamaa wametajwa mwanzo.

Hapa hatuna budi kusema jambo litakalowachukiza baadhi ya watu. Mzee yule yule aliyelala bila ya dawa, akifa huchinjiwa ng'ombe, pilau likapikwa, na mwanawe akakopa ili isemwe kuwa hitima ilikuwa kubwa. Gharama ya siku ile moja ingalimtosha marehemu dawa za miezi mingi. Aliyefaidika ni nani, ila walaji na jina la mwana?

Ama aliyeko Jeddah au Muscat kazini, asiye na ruhusa ya kurudi, huyo hatumhukumu sawa na akaaye mtaa wa pili. Chumo lake ndilo mkono wake, na simu anayo.

Yule ndugu yetu angali na hoja yake. Asema nyumba yake ni ya vyumba viwili na watoto ni sita. Tumemjibu kwamba hapana aliyemwambia amhamishe mamake. Kutoka kwake hata kwa mama ni mwendo wa dakika kumi, na mlango ule huupita kila asubuhi aendapo Marikiti.