Haiba ya Baba na Mchezo wa Mtoto

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim.

Katika watu wa pwani wako wanaume wengi, tena wema na wacha Mungu, ambao huona haya kumpakata mtoto mdogo mbele za watu. Kumbusu, kumtekenya, kumbeba mabegani, kutambaa naye juu ya mkeka, yote hayo huyahesabu kuwa ni kazi ya mama na ya yaya. Wakiulizwa sababu hujibu kwa methali ya wazee, kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Maana yao ni kuwa baba akijishusha kwa mwanawe, heshima humtoka, na heshima ikisha kutoka hairudi. Je, hoja hii ni ya kweli?

Kwanza itazamwe hiyo haiba. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, huko Hudaibiya, Maquraishi walimpeleka Urwa bin Masud kwa Mtume (S.A.W.). Urwa alikuwa amekwisha kuingia kwa Kaisari, na kwa Kisra, na kwa Najashi. Aliporudi aliwapa jamaa zake khabari kwamba hajapata kuona mfalme atukuzwaye na watu wake kama Muhammad alivyotukuzwa na Masahaba. Basi mwenye haiba hiyo ndiye yule yule aliyesalisha watu hali amembeba Umama, mtoto wa bintiye Zainab. Akisujudu humweka chini, akisimama humwinua. Tena siku moja alirefusha sijida hata watu wakadhani limezuka jambo. Alipoulizwa, alieleza kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka. Mtoto si mbwa. Na hapa amefuata hata ndani ya sala, wala hakufukuzwa, wala haiba haikupungua hata chembe.

Pili ni khabari ya Al-Aqraa bin Habis, mkubwa katika Banu Tamim. Alimwona Mtume akimbusu Hasan, akastaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyehurumia naye hahurumiwi. Hapa pana jambo la kuzingatia. Al-Aqraa alisema khabari ya desturi, naye akajibiwa kwa khabari ya rehema. Yamkini aliwapenda wanawe kwa moyo. Lakini mapenzi yaliyofungiwa moyoni mtoto atayajuaje? Mtoto wa miaka miwili hajui kodi ya nyumba, wala bei ya unga, wala jasho la babake. Alijualo ni kifua kilichomkumbatia na mkono uliomshika.

Wala lisidhaniwe kuwa mchezo huo hupita ukasahauliwa. Mahmud bin Ar-Rabii, alipokuwa mtu mzima, alikuwa akikumbuka kwamba Mtume alimrushia usoni maji ya kinywa, yaliyotoka katika ndoo ya kwao, naye ni mtoto wa miaka mitano. Imamu Bukhari ameipokea khabari hiyo katika mlango wa kueleza ni umri gani mtoto husihi kupokea elimu. Mchezo wa dakika moja ukawa hoja ya wanavyuoni.

Na matabibu nao wamefika kwenye maana hiyo kwa njia yao. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey aliona uchache wa mashine za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, akaagiza wawekwe kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likausia kwamba watoto hao waanzwe hivyo mara tu wazaliwapo. Na kifua cha baba nacho hufaa kwa kazi hiyo.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili. Sharia imemtaka mzazi amwamrishe mtoto sala atimizapo miaka saba. Je, kabla ya miaka hiyo, mkono wa baba ulikuwa wapi? Ikiwa mtoto hakupata kuujua ila siku ya bakora, basi siku utakapomshika kumwongoza msikitini, atakwenda kwa khofu. Na khofu ikiondoka, ataondoka nayo. Nyumba ambayo watoto hunyamaza wasikiapo makubadhi ya baba mlangoni husifiwa kuwa ina adabu. Adabu hubaki baba akiwa safarini. Kinachokwisha akipa mgongo ni woga tu.

Hata hivyo mchezo una mipaka yake. Mtoto mchanga asitikiswe kwa nguvu, kwani hilo laweza kumdhuru ubongo. Akikataa kushikwa, aachwe. Wala wa kiume asipendelewe juu ya wa kike. Umama alikuwa msichana, naye alibebwa mbele ya watu ambao baadhi ya kaumu zao walikuwa wakiwazika binti zao wahai.

Mwenye kurudi kazini amechoka hahitaji mengi. Robo ya saa baina ya magharibi na isha, kabla ya kutoka kwenda barazani, yatosha kumpakata mwana mapajani na kucheka naye. Heshima ya baba haitapungua kwa hayo, bali itapata mahali pa kukaa.

Wabillahi taufiki.