Mikono ya Vunjajungu

Je, mdudu aweza kuwa mnafiki?

Vunjajungu hukaa juu ya jani, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayesali. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimpa jina la Kilatini lenye maana ya "mwenye dini". Na neno mantis, katika Kiyunani cha kale, maana yake ni nabii.

Lakini mwangalieni vizuri. Ile tunayoita mikono ni miguu ya mbele yenye miiba. Mara nyingi hatembei kutafuta chakula. Hungoja kimya, akigeuza kichwa. Panzi akikaribia, humnasa kabla hamjapepesa jicho, na huanza kumla angali hai. Hula nzi, hula hata nyuki. Mara nyingine jike humla dume wake.

Je, tumhukumu? Hapana. Yeye hakusema kwamba anasali. Ni sisi tuliomwita hivyo kwa kutazama umbo tu. Yeye anakula jinsi alivyoumbwa.

Unafiki ni wa yule ajuaye maana ya sala. Mtu akikunja mikono mbele ya mjane, huku akingoja kumnyang'anya shamba, amefanya jambo ambalo vunjajungu hawezi: ameigeuza sala kuwa mtego.

Basi, ndugu, tusimsifu mtu kwa namna anavyokunja mikono. Tutazame inafanya nini inapokunjuka. Na kila mmoja aanze na mikono yake mwenyewe.