Mkate kwa Mwalimu Aliyechoka

Somo: 1 Wafalme 19:1–21



Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, na tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Katika neno la leo tunaziweka siku hizi pamoja, maana kati yetu wapo walimu wengi: wanaofundisha shuleni, wanaofundisha watoto wetu Shule ya Jumapili, na akina dada wanaofanya yote mawili.

Elia alikuwa mwalimu wa taifa zima. Alitoka kushinda mlimani Karmeli, na punde tu baadaye tunamkuta jangwani, peke yake, chini ya mti, akiomba afe. Tuangalie Mungu alivyomtendea. Hakumkemea wala hakumwambia imani yake imepungua. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Ni baadaye, kule Horebu, ndipo Bwana alipomuuliza habari zake, na akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba hakubaki peke yake, wapo 7,000, akampa na Elisha wa kusaidiana naye.

Sisi tulio wauguzi tunapoisoma sura hii tunaona mpangilio wa huduma: usingizi, chakula, sikio la kusikiliza, kupunguziwa mzigo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za uchovu mkubwa unaotokana na kazi: nguvu kuisha kabisa, moyo kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona hufanyi lolote la maana. Elia alizijua zote. Kwa hiyo mwalimu akisema, “Nimechoka, siwezi tena,” tusikimbilie kumpa mistari ya kumtia nguvu. Tumuulize kwanza: umelala? Umekula? Nani yuko nawe nyumbani?

Hapa kwetu pia pana habari ya kutufundisha. Ng'ambo ya kilima kutoka Matrah, katika mji wa zamani wa Muscat, mmisionari Peter Zwemer aliwapokea wavulana 18 Waafrika mwaka 1896, waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Akawafungulia shule, akawa kwao mwalimu na mlezi. Mwaka 1898 aliondoka akiwa mgonjwa, mwili umedhoofika, na mwaka huohuo akafariki New York akiwa na miaka 30 tu. Tunamshukuru Mungu kwa upendo ule. Lakini tukumbuke kwamba watoto wale, waliokwisha kupoteza baba na mama, walimpoteza na mwalimu. Mtoto anahitaji mwalimu aliye hai, mwenye afya, ambaye kesho atakuwepo.

Mwalimu wa leo aliye ugenini ana mizigo yake. Mkataba una mwisho. Nyumbani wanangoja ada na pesa za dawa. Anaogopa kusema kwamba halali usiku, asije akaonekana hafai kazi. Huku Jumapili ni siku ya kazi. Anaingia ibada ya jioni akiwa amesimama darasani tangu asubuhi. Na kwa kuwa tumemzoea kumwita “Mwalimu”, kila kazi ya kanisa yenye kitabu na kalamu humwangukia yeye.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tumwachie usiku wake. Baada ya saa mbili usiku, swali la kazi ya nyumbani ya mtoto lingoje asubuhi.

Pili, Shule ya Jumapili iwe na zamu. Anayefundisha majuma mawili apumzike mawili, aketi asikilize neno kama waumini wengine. Akina baba, nanyi mna nafasi hapo. Elisha alikuwa mkulima shambani alipoitwa.

Tatu, tupeleke chakula. Sahani ya pilau au chapati chache zinazofika kwa mwalimu aishiye peke yake huko Ruwi ni mahubiri yaliyokamilika.

Nne, tutunze siri. Shida ya mwalimu isigeuzwe ombi la hadharani wala habari ya kwenye simu. Akituamini, iishie kwetu na kwa Mungu.

Tano, tujue wakati wa daktari. Huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili, kukosa usingizi au hamu ya kula, kulia bila sababu, hizo zahitaji tiba, kama vile malaria inavyohitaji dawa. Sonona ni ugonjwa. Si dhambi, si upungufu wa maombi. Na mtu akitamka kwamba anatamani kufa, tusimwache peke yake hata saa moja. Tuketi naye, tumpeleke hospitali, na huku tukiomba.

Nanyi walimu wetu, kulala si uvivu. Nabii alilala mara mbili, na Bwana akamlinda. Mkate ukiletwa mlangoni, upokeeni.

Tuombe: Ee Bwana uliyemlisha Elia, walishe walimu wetu. Wape usingizi mwema, wape wenzao wa kusaidiana nao, nasi utufanye mikono yako. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.