Kinachoongezwa Juu ya Kilichokuwepo

Ninaandika programu za ofisi za mawakala wa forodha hapa Tunduma, na katika kazi hiyo yote hakuna kisanduku cha maandishi nilichokitengeneza mwenyewe tangu mwanzo. Nilivikuta. Kisanduku ninachoweka kwenye fomu ili karani aandike jina la dereva au namba ya lori kilitengenezwa na watu wa Microsoft, nao walikijenga juu ya kingine, na hicho juu ya kingine. Ukiufuata ukoo wake unapanda hivi: TextBox ni mtoto wa TextBoxBase, huyo ni wa Control, huyo wa Component, huyo wa MarshalByRefObject, na juu kabisa yuko Object, asiye na mzazi. Mimi naja mwishoni, naongeza sifa moja au mbili na kitendo kimoja. Nauliza kwa dhati: kitu kikipewa sifa ambayo hakikuwa nayo, kinabaki kile kile? Na aliyeiongeza ana haki gani juu yake?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Lilitokana na namba za kontena. Mizigo mingi inayovuka hapa kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kuendelea ndani ya nchi hiyo hadi Kongo huja kwenye kontena kutoka bandari ya Dar es Salaam, na kila kontena lina herufi 4, tarakimu 6, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo kazi yake ni kuzichunga zile nyingine. Chukua CSQU305438, ambayo tarakimu yake ya mwisho ni 3. Kila herufi ina thamani yake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Thamani ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea hivyo ukiongeza maradufu hadi 512. Jumla yake ni 6185. Gawanya kwa 11, kinachobaki ni 3. Sasa karani aliyechoka, foleni ya malori imefika eneo la Mpemba na madereva wamejaa dirishani, akiandika 45 mahali pa 54, kinachobaki ni 1. Namba imejisema yenyewe kwamba imekosewa, kabla mzigo wa mtu haujashikiliwa mpakani kwa sababu karatasi na kontena havisemi kitu kimoja.

Kisanduku cha kawaida hakijui lolote kuhusu hayo. Kinapokea maandishi, basi. Kwa hiyo nilitengeneza mtoto wake, nikampa sifa ya kusema kama namba ni sahihi, na kitendo cha kuihakiki.

Wazo hili la mtoto kurithi kila alicho nacho mzazi, kisha kuongeza chake, lina wenyewe. Wanorwei wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliliingiza katika lugha yao ya Simula 67, pale Oslo. Lakini swali lililo chini yake ni la kale. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alitenganisha kitu chenyewe na sifa zinazokiambata: mtu huungua jua akawa mweusi zaidi, hujifunza muziki, na bado ni yule yule. Sifa huja na kuondoka. Nadhani Aristotle angenielewa, ila angeniuliza kama kujua namba ya kontena ni kama kuungua jua, au ni kuwa kiumbe wa aina nyingine. Jibu langu ni kwamba inategemea umeongeza kwa njia gani.

Iko njia ya kuongeza bila kukigusa kitu. Tangu mwaka 2007 lugha ya C# inakuruhusu kuandika kitendo pembeni kabisa, kisha ukakiita kana kwamba ni cha kisanduku chenyewe. Kisanduku hakikubadilika hata chembe. Kitendo hicho hakioni mambo ya ndani ya kitu. Kinafanya kazi na yale tu ambayo kitu kimekubali kuyaonyesha. Ni kama ilivyokuwa huku kwetu Mbozi: pale Ndolezi kuna kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Wanyiha, wenyeji wa hapo, walikijua kile chuma kabla mpima ardhi aitwaye Nott hajakiandikia habari mwaka 1930. Siku kilipoingia kwenye vitabu vya wanasayansi, chuma chenyewe hakikupata kitu; sisi ndio tuliopata namna nyingine ya kukitaja. Nyongeza ya namna hiyo ni ya heshima. Tena ina unyenyekevu wa ajabu: siku mwenye kisanduku akiamua kukipa kitendo chenye jina lile lile na kinachoitwa vile vile, cha kwake ndicho kitakachosikilizwa, na changu kitanyamaza.

Iko nyingine ambayo siipendi, nayo ni ya kuingia kwenye mzizi unaotumiwa na wote na kupachika jambo lako humo. JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, inaruhusu. Maktaba moja ya msimbo iliyopendwa sana zamani, MooTools, ilipachika kitendo chake kwenye orodha zote za kila ukurasa ulioitumia, ikakiita flatten. Miaka ikapita. Mwaka 2018 walezi wa lugha walipotaka kuipa lugha yenyewe kitendo chenye jina hilo, ikaonekana kwamba kurasa za zamani zingevunjika, kwa sababu ya namna maktaba hiyo ilivyonakili vitendo vyake. Ikabidi lugha nzima ichague jina lingine, flat. Waliopachika hawakuwa na nia mbaya, na nyongeza yao ilisaidia watu wengi. Hata hivyo waligusa kilicho cha wote bila wote kujua, na gharama ikalipwa na ambao hawakuwahi kuulizwa.

Njia niliyoitumia mimi, ya kutengeneza mtoto, nayo ina mtego wake. Katika ofisi moja meneja aliniambia, "Fundi, kisanduku kikatae kabisa. Namba ikiwa na kosa, karani asiweze kuandika." Nilimwelewa, alikuwa amechoshwa na makosa. Nikamjibu, "Bosi, kuna mizigo isiyo na kontena. Mbolea ya magunia juu ya semitrela, karani ataandika nini?" Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1987: mtoto awekwe popote alipotarajiwa mzazi, na wanaomtegemea wasione ahadi ikivunjika. Kisanduku kiliahidi kupokea maandishi. Mtoto anayekataa maandishi amelichukua jina la ukoo na kuitupa ahadi ya ukoo. Kwa hiyo changu kinapokea kila kitu, kisha kinageuka rangi na kusema ukweli. Karani ndiye anayeamua.

Hapo ndipo kazi yangu inapoigusa imani yangu. Mimi ni Mnyiha na ni Mmoraviani. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo Mbozi mwaka 1899, na Traugott Bachmann, aliyekaa pale miaka mingi na kutafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, mwanzoni aliona kwamba Mnyiha lazima aache mengi ya kwao ili awe Mkristo. Kadiri alivyoishi na watu, macho yake yalifunguka, akaja kuwa mtetezi wa yale aliyokuja kuyaondoa. Je, ubatizo ulitengeneza mtu mwingine, au uliongeza kwa yule yule? Nasema kwa yakini kwamba uliongeza. Mtu aliyebatizwa ambaye haendi tena kuchimba kaburi la jirani, asiyemjua shangazi yake kwa sababu hasali naye, huyo kwangu ni kisanduku kinachokataa maandishi.

Baba yangu mdogo, mzee wa kanisa, alinibana hapa. "Mwanangu, basi na kumtuhumu bibi kizee uchawi tukurithi, maana tulikukuta?" Hapana, baba. Mtoto anaruhusiwa kukiandika upya kitendo cha mzazi, na mara nyingine ni wajibu. Ila kwanza lazima ajue mzazi aliahidi nini. Wazee wetu waliahidi kulinda uhai wa nyumba. Kumfukuza bibi kwa macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, ni kuivunja ahadi hiyo hiyo kwa jina la mila. Anayekifuta kitendo hicho ndiye mrithi. Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza ni nani anayeamua ahadi ilikuwa ipi, kama walioitoa wote wamezikwa.

Kwenye kisanduku, ahadi imeandikwa; naweza kuisoma kabla sijaongeza kitu. Kwa wazee wetu inabidi kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba, Igamba, Vwawa, Msia, kwa ambao bado wanakumbuka, na kuwasikiliza hata wanapopingana.